Upande wa Ng'ombe

Jumatatu asubuhi, walipoifungua injini iliyokufa, Deanna Cavazzuti alisimama nyuma ya wenzake, mikono ameitia kwenye mifuko ya ovaroli. Hakutaka iangaliwe. Tangu majira ya baridi vidole vyake vilikuwa na ganzi, na siri hiyo alikuwa hajamwambia mtu: si mumewe, si mdogo wake Loretta, wala daktari, maana daktari ukimwambia jambo huliandika.

Kiwanda chao ni kidogo, nje kidogo ya Modena, katikati ya mashamba ya mipea. Watu themanini, magari mia moja na ishirini kwa mwaka, na kila injini inafungwa kwa mkono. Kila pampu ya oili iliyomo ndani ya injini hizo ilikuwa imepita mikononi mwa Deanna kwa miaka ishirini na sita. Akimaliza kuikagua, huipiga muhuri wa herufi D. Herufi hiyo haionwi na mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe hana habari nayo. Watu gari likipita husifu mngurumo, rangi, mlango unavyofunguka. Hujasikia mtu akisimama kando ya barabara kusifu pampu ya oili.

Wasioisifu hawajui wanachokikosa. Ndani ya injini ile, ile shafti kubwa inayosukumwa na pistoni, ambayo mafundi huiita krenki, huzunguka mara elfu nane na mia tano kwa dakika, na haigusi kitu. Chuma kizito ambacho Deanna mwenyewe hawezi kukiinua peke yake kinaelea ndani ya beringi zake, juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara kumi. Utando huo ukikatika kwa sekunde mbili, chuma hukutana na chuma, na injini imekwisha. Anayeuzuia usikatike ni pampu, kidude kisichozidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, chenye vyumba vitano vilivyopangana mstari mmoja. Chumba cha kwanza huvuta oili kutoka kwenye tangi lililosimama kando na kuisukuma kwenye beringi. Vinne vilivyobaki hunyonya ile iliyodondoka chini, kwenye bakuli la injini, na kuirudisha tangini, maana kwenye gari la mbio oili huwezi kuiacha ikae chini ikijistarehesha. Kona ya kwanza tu itakimbilia upande. Lita kumi za oili zinazunguka mwili mzima wa injini mara kumi kila dakika. Deanna alilijua jambo hili tangu ana miaka ishirini na saba, na bado lilikuwa likimsisimua kila alipolifikiria.

"Beringi ya pili imeungua," alisema Inginia Zoboli akiwa ameinama juu ya injini. "Ya nne nayo. Kama zile nyingine mbili."

Fausto Zoboli ndiye mkuu wa injini. Alitoka Bologna, mwendo wa nusu saa tu, lakini baada ya miaka minane bado walimwita mgeni, na kantini walikuwa wakimwuliza kama kule kwao tortelini, zile tambi za kujazwa nyama, wameshajifunza kuzikunja. Hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angefoka.

"Deanna, njoo uone. Hii ni rekodi ya gari lenyewe. Mteja alilipeleka kwenye uwanja wa mbio kule pwani. Anaingia kona, presha ya oili iko vizuri. Sekunde ya sita inaanza kushuka. Ya nane, sifuri."

"Pampu umeshaipima?"

"Nitaipima kesho. Lakini hii ni ya tatu tangu Pasaka. Na zote tatu zina herufi yako."

"Injini zote za hapa zina herufi yangu, Inginia."

"Najua," alisema Zoboli. "Ndiyo maana silali."

Halafu akamwambia lililobaki, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Bibi Ines, mwenye kiwanda, alikuwa na karatasi mezani kwake. Ijumaa angeitia saini, na kuanzia hapo pampu zingekuja kutoka nje, zimefungwa na mashine, na meza ya Deanna ingeondolewa. Yeye angepewa kazi stoo.

Deanna aliitikia kwa kichwa, akarudi mezani kwake, akakaa. Stoo haikumwuma sana. Kilichomwuma ni kwamba huenda Bibi Ines alikuwa na haki. Geji hupima nafasi kati ya meno ya pampu na kuta zake, sawa, lakini geji haijui tabia. Pampu mbili zenye vipimo vile vile, moja itazunguka laini na nyingine itakuwa na ukaidi fulani, na ile kaidi ndiyo itakayokuletea balaa ikipata moto. Kwa hiyo baada ya geji zote Deanna aliinua pampu karibu na kidevu, akafumba macho, akazungusha shafti kwa vidole viwili, polepole. Nzuri alizipiga muhuri. Mbaya alizirudisha. Kwenye kona yake hakuruhusu redio wala maongezi, na wenzake walisema Deanna anaongea na pampu zake, zinamjibu, na ndiyo maana watu hawajibu. Walitania. Lakini hakuna aliyewahi kumletea pampu mbovu yenye muhuri wake, mpaka sasa. Na sasa vidole vilikuwa vimekufa. Asubuhi alishika kikombe cha kahawa asijue ni cha moto mpaka kilipomfika mdomoni. Je, tangu baridi alikuwa akizungusha nini?

Mchana, kantini, Learco alikuja kukaa mbele yake na sahani mbili. Learco Bergonzini ni dereva wa majaribio, mume wa Loretta, mtu wa miaka hamsini na nane asiyejua kunyamaza.

"Shemeji, kula. Ukikonda mdogo wako atasema nimekunyima."

"Sina njaa."

"Mtu wa Modena akisema hana njaa aitiwe padri." Akamsogezea sahani. "Wamekwambia?"

"Wameniambia."

"Mimi nimeendesha kila gari lililotoka hapa. Miaka thelathini. Nimezunguka Kona ya Mipea ya uwanja wetu wa majaribio mpaka mipea inanijua jina. Presha haijawahi kutikisika, hata mara moja. Sasa gari likifika kwa mteja tu linaugua? Kuna kitu hapo."

"Labda ni mimi, Learco."

Learco aliacha kutafuna. Katika miaka yote ya kumtania mwanamke huyu alikuwa hajamsikia akisema neno kama hilo.

Pampu ilipimwa Jumanne, kila jino, kila ukuta. Haikuwa na kosa. Zoboli hakutosheka. Chuma kikiwa baridi hakisemi kweli yote, alisema, na Jumatano akaamuru injini mpya ifungwe kwenye meza ya kulaza, jengo la nyuma, pampu ikiwa ni ile ile ya injini iliyokufa. Akamwita na Deanna aje. Alipoulizwa kwa nini, alisema kila mtuhumiwa ana haki ya kuwapo, kisha akaona aibu kwa utani wake.

Meza yenyewe ilikuwa na miaka miwili pale, na Deanna alikuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi. Ni kitanda cha chuma kinachoinuka upande mmoja na kuilaza injini, ili oili idhani gari liko kwenye kona kali. Injini haiwashwi, inazungushwa na mota ya umeme, bila petroli, oili ikiwa imepashwa moto kama ya safari. Kwa hiyo unaweza kusimama karibu na hata kusemezana. Na kwenye bakuli la chini, na ubavuni mwa tangi, walikuwa wametia vioo.

"Miaka ishirini na sita," alisema Learco, aliyekuja bila kuitwa, "ndiyo kwanza shemeji anamwona mtoto wake akiwa kazini."

Zoboli akabonyeza. Mota ikanguruma, krenki ikaanza kuzunguka, na Deanna akapiga magoti mbele ya kioo.

Mwanzoni aliona mvua tu. Oili ilikuwa ikidondoka kutoka juu kwa mamia ya matone ya dhahabu, krenki ikiyapiga na kuyatawanya yakawa ukungu. Hayakupata hata nafasi ya kutulia chini. Midomo minne ya kunyonya, ya vile vyumba vinne vya pampu, iliyakamata pale pale, oili na povu na hewa kwa pamoja, na kuyapeleka. Akahamia kioo cha tangi. Humo povu liliingia kwa kasi likizunguka ukutani, na likizunguka hivyo, uzito ulikaa kwenye ukuta na hewa ikabaki katikati, ikapanda, ikatoka. Chini kabisa ikakusanyika oili safi, nyeusi, tulivu, bila tone la povu, tayari kurudi kazini. Alikuwa akizijua habari hizo zote. Angeweza kuzichora. Lakini kuzijua si kuziona, na Deanna alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja. Hiki ndicho alichokuwa akikifunga mezani kwake kati ya kahawa na chakula cha mchana, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kitu kilichokuwa hai kuliko alivyowahi kukifikiria.

"Nalaza," alisema Zoboli.

Meza ikainuka. Injini ikalala kushoto, zaidi na zaidi, mpaka ilionekana itadondoka. Na oili yote iliyokuwamo bakulini ikahama, ikapanda ukuta wa kushoto, ikasimama wima. Ilisimama tu, ikitetemeka, ikakataa kushuka. Midomo minne ilikuwa pale pale ilipo, ikaimeza. Mshale wa presha haukusogea. Sekunde kumi. Ishirini. Dakika nzima.

"Haina kosa," Zoboli alisema taratibu, na hakuonekana kufurahi, maana sasa hakujua atafute wapi.

Learco, ambaye hawezi kuona injini ikilala asijilaze naye, alikuwa amesimama na mikono mbele akishika usukani wa hewa, kiwiliwili kimeinama. "Kona ya Mipea hii," alisema. "Hii hata nikisinzia naijua."

Deanna akageuka. "Unajuaje?"

"Si imelazwa vile vile. Kona ndefu ya kulia, oili inakwenda kushoto. Meza wameifundisha kwa rekodi zangu mimi."

"Na kule pwani kona iliyoiua injini ilikuwa ya upande gani?"

"Ya..." Learco akaanza kugeuza usukani wake wa hewa kwenda upande wa pili. Mikono ikafika nusu, ikagoma. Uso wake ukabadilika.

"Kushoto," alisema Zoboli, badala yake. "Uwanja ule unazungukwa kwa kushoto. Kona yenyewe ni ndefu, sekunde tisa." Akaketi juu ya sanduku la vifaa. "Sisi hatuna kona ndefu ya kushoto. Tuna za kushoto, lakini fupi fupi, sekunde mbili, tatu. Tangi linavumilia. Kwa nini hatujawahi kuuzunguka uwanja wetu kwa kushoto?"

Hapo akawa ameuliza jambo ambalo mtu wa Bologna tu ndiye angeliuliza.

"Kwa sababu ya ng'ombe," alisema Learco.

"Ng'ombe gani?"

"Wa Vainer Gozzi. Zizi lilikuwa pale getini, unapoingia uwanjani, upande wa kushoto. Maziwa yalikuwa ya jibini. Gari likitoka na kuongeza kasi mbele ya zizi, ng'ombe wanashtuka, maziwa yanapungua, na Gozzi anakuja na uma wa nyasi. Marehemu baba yake Bibi Ines akakubaliana naye: magari yatatoka kulia, yafike zizini mwisho, yakiwa yanapunguza mwendo. Ikaandikwa hata kwenye kibao."

"Learco, pale getini hakuna zizi. Pale wanaweka matrekta."

"Ng'ombe waliondoka mwaka ule Loretta alipojifungua wa pili. Miaka ishirini na moja sasa." Learco akakuna shingo. "Kibao bado kipo."

Zoboli alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Akasimama, akakigusa kioo mahali ilipo midomo minne. "Na kila mwaka nasoma rekodi, naona oili inakaa kushoto, nasogeza midomo kushoto. Milimita tano. Kumi. Mwaka huu ikafika ukutani. Nilisaini mimi mwenyewe. Nilijiona hodari." Akamtazama Deanna. "Tuilaze upande wa pili?"

Meza ikarudi katikati, kisha ikainuka upande ambao haikuwahi kuinuka. Oili ikahama, ikapanda ukuta wa kulia, ikasimama. Midomo minne ikabaki kwenye ukuta wa kushoto, mitupu, inang'aa. Kila mtu mle ndani aliisikia ikifyonza hewa, kama watu wanne wanaomalizia supu. Tangini oili ilianza kushuka. Krenki ikaifikia ile iliyosimama ukutani na kuichapa ikawa povu tupu.

"Presha bado ipo," alisema Zoboli, macho kwenye mshale. "Sekunde ya tano."

"Zima," alisema Deanna.

"Bado ipo, tazama."

"Zima, chumba cha kwanza kimeanza kunywa hewa. Zima, Inginia, utaunguza beringi."

Mshale ulikuwa umetulia kabisa. Zoboli alimtazama yeye, akautazama mshale, na kwa sababu ambayo hata baadaye hakuweza kuieleza, akapiga kitufe chekundu. Krenki ilipokuwa ikipoteza kasi ndipo mshale ulipotetemeka, mara moja, ukaanguka.

Pampu ilikuwa imesukuma hewa kwa uaminifu ule ule iliosukumia oili. Ilisukuma ilichopewa.

"Umejuaje?" aliuliza Zoboli. "Kabla ya mshale. Umejuaje?"

Angeweza kunyamaza. Pampu yake ilikuwa imesafishwa jina hadharani, Learco alikuwa ameshaanza kutabasamu, na Ijumaa ingepita salama. Lakini Deanna alikuwa ametoka tu kuona kile kitu kilichomo ndani ya kioo, na alihisi ni vibaya kukidanganya.

"Sijui nilivyojua," alisema. Akatoa mikono mifukoni. "Na kuna jambo jingine. Vidole vyangu havisikii, Inginia. Tangu Desemba. Nikizungusha shafti sisikii kitu. Nimepiga muhuri pampu hamsini bila kuzijua. Hiyo karatasi ya Bibi Ines, mwache aisaini."

Learco alisogea karibu naye.

Zoboli aligeuka. Alikwenda kwenye rafu, akachukua pampu mbili zilizokuwa zikisubiri, akamwekea mezani. "Zungusha."

"Nimekwambia havisikii."

"Zungusha tu."

Deanna aliinua ya kwanza karibu na kidevu, akafumba macho, akazungusha. "Nzuri." Akachukua ya pili. "Hii ina ukaidi. Chumba cha tatu, karibu na mwisho wa mzunguko. Nani ameileta hii?"

"Imerudishwa na wewe mwenyewe mwezi wa Machi. Chumba cha tatu." Zoboli akanyoosha mkono kwenye kisanduku cha ukutani, akatoa vizibo viwili vya masikio, vile vya njano vinavyovaliwa na watu wa mashine, akampa. "Vaa. Kisha tena."

Alivaa. Akainua pampu, akafumba macho, akazungusha. Akazungusha mara ya pili. Mkononi mwake palikuwa na kipande cha chuma, basi. Aliibadilisha akachukua nyingine, na ile nayo ilikuwa kipande cha chuma. Ilikuwa kama kuita mlangoni kwa watu waliohama.

Alivitoa vizibo polepole. Akaweka pampu kidevuni kwa mara ya tatu, na sasa akaisikia: unong'ono wa meno yakipishana, laini, laini, laini, halafu mkwaruzo mdogo mno, mfupi, na laini tena. Ulikuwa ukimjia masikioni na kwenye mfupa wa taya. Pengine tangu baridi. Pengine tangu miaka mingi kabla ya baridi, siku zile alipoanza kuwafukuza watu wa redio asijue kwa nini. Vidole vilikuwa vimeacha kazi bila kuaga, na sikio likaishika zamu bila kumwambia mwenyewe. Miezi yote ile ya hofu, mwili wake ulikuwa ukimfanyia kazi kwa siri.

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Learco alimwekea mkono begani.

"Basi shemeji, ndiyo maana nikitania hukosi hata neno."

"Utakwenda kwa daktari," alisema Zoboli. "Kesho. Hayo mengine nitamweleza Bibi Ines mimi, na ya midomo nitamweleza kwanza, maana ndiyo kosa lenyewe."

Ijumaa Bibi Ines alisikiliza, akaomba ile karatasi iondolewe mezani kwake, kisha akakaa kitambo akiwafikiria ng'ombe wa Gozzi, ambao utotoni alikuwa akiwapa majani kupitia uzio.

Wiki tatu baadaye bakuli jipya lilikuwa tayari, midomo miwili kushoto na miwili kulia. Asubuhi hiyo watu walitoka wote nje bila kuitwa. Kibao cha getini kilikuwa kimeng'olewa. Learco alifika mwisho wa njia, akasimama, na walimwona amekaa muda mrefu ndani ya gari mikono kwenye usukani, mtu aliyekata kulia pale miaka thelathini. Halafu akakata kushoto. Gari likapita mbele ya zizi lililojaa matrekta, likavuta kasi, likaishika Kona ya Mipea kutoka nyuma, sasa ikiwa kona ya kushoto.

Wenzake walinyoosha shingo kuangalia. Deanna alifumba macho. Sekunde ya sita ikapita. Ya nane. Ya tisa. Hata yeye asingeweza kuisikia pampu kutoka mbali hivyo, kati ya mngurumo wote ule, lakini alisikiliza hivyo hivyo, kidevu kimeinuka, mpaka kona ikaisha na gari likawa linarudi nyumbani.